Bibi Harusi Aliyekagua Bendera

Ketty Overgaard hakuwa mtu wa kuamrishwa. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu akashindwa, mchungaji alijaribu akashindwa, na marehemu mama yake alijaribu mpaka akaingia kaburini kazi hajaimaliza. Aliyemwamrisha Ketty ni jua peke yake. Jua likianza kuinamia miti iliyo nyuma ya kanisa, hata kama ana kijiko mdomoni, Ketty alikiweka chini, akavuta koti lake, akatoka kwenda kushusha bendera.

Pale Elmelund hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kazi isiyo na mshahara wala asante. Chama cha kijiji kina bendera zake, nyekundu zenye msalaba mweupe, na kila moja ina mlingoti wake mfupi uliopakwa rangi nyeupe. Mtu akioa, mtoto akipata kipaimara, wazee wakitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, milingoti hutolewa bandani ikasimamishwa pande mbili za barabara, kuanzia dukani hadi kanisani. Hata waliotimiza miaka kumi na miwili na nusu ya ndoa husimamishiwa, maana sisi watu wa Denmark hatuna subira ya kungoja ishirini na mitano bila kula keki njiani. Ufunguo wa banda hilo ulikaa shingoni mwa Ketty, chini ya sweta, na ilisemekana hata akioga hauvui.

Sheria zake kila mtu alizijua, kwa sababu kila mtu aliwahi kukaripiwa. Bendera haipandi kabla ya saa mbili asubuhi, na haioni giza. Haigusi ardhi, hata ncha yake. Ikinyeshewa huikunji ukaifungia kabatini ioze; unaitandaza ndani mpaka ikauke, hata kama sebule yote itageuka hema. Zilizoraruka alizishona mwenyewe, kwani ujana wake aliumalizia kwenye karakana ya matanga na mahema kule Svendborg, na vidole vyake havikuisahau sindano. Iliyochakaa kabisa aliichoma bustanini kwake, amesimama wima, kimya, mpaka iishe. Mpita njia mmoja alisimama akamwuliza anaunguza nini. "Vua kofia kwanza," Ketty akamjibu, "ndiyo uulize."

Watu walimwita Jemadari. Aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake ni Palle tu, fundi wa matrekta, mtu mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Siku Palle na mkewe Dorrit, mwenye duka la kijiji, walipotimiza miaka yao ishirini na mitano, Palle alisimama ukumbini kumsifu mkewe mbele ya wageni. Ndiyo kwanza amefika pale walipokutana kwenye dansi, akasikia kiti kinasogezwa.

"Ketty, jamani! Nipo katikati ya kumsifu mke wangu!"

"Msifu tu, Palle. Mkeo atakusubiri. Jua halisubiri."

"Na mimi nani atanisikiliza?"

"Miaka yote hii nani alikusikiliza? Leo ndiyo unaona ajabu?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na Dorrit ndiye aliyecheka kuliko wote. Ketty aliporudi, bendera zimo bandani, Palle alikuwa bado hajafika kwenye uchumba.

Sasa mtu wa namna hiyo nani atamweza? Alimweza Verner Bak. Verner alikuwa dereva wa lori la maziwa, mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa, aliyehamia Elmelund na masanduku mawili na paka. Siku ya kuzaliwa kwake alipandisha bendera bustanini, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili zake, kisha akajinyoosha kwenye kochi, usingizi ukampitia. Aliamshwa na mlango unaogongwa kipolisi. Nje alisimama mwanamke mfupi aliyekunja mikono.

"Wewe ndiye mwenye hiyo bendera?"

"Ndiye mimi."

"Jua limeshazama. Unampandishia nani? Shetani?"

Huku kwetu ndivyo isemwavyo, kwamba bendera inayopepea gizani imepandishwa kwa ajili ya shetani. Verner alimtazama yule mwanamke kuanzia viatu hadi nywele, akasema kwa upole wake:

"Kama shetani ndiye anayeniletea wageni namna hii, kesho naisahau tena."

Kesho yake akaipandisha, ingawa hakuwa na sababu yoyote, na akaisahau. Kesho kutwa vilevile. Mara iliyofuata Ketty alikuja mapema, jua lingali juu, akaketi jikoni kwa Verner na koti lake mwilini ili ahakikishe. Baada ya hapo hakuondoka tena, isipokuwa kwenda kuchukua vitu vyake.

Wakaishi pamoja miaka na miaka bila ndoa, na huku kwetu hilo si la ajabu. La ajabu ni kwamba kila mwaka, Ketty akiongeza umri, Verner alimwomba waoane, na kila mwaka Ketty alimjibu neno lile lile: "Tuko salama hivi hivi. Cheti hakipashi miguu moto." Verner hakununa. Alijua sababu, kama wazee wote wa kijiji walivyoijua, na hakuna aliyeitaja.

Ketty aliwahi kuwa bibi harusi. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, naye ni binti wa miaka ishirini na mmoja. Bwana harusi aliitwa Kaj, aliuza mashine za kuvunia, alikuwa na gari jekundu na maneno matamu. Bendera zilisimamishwa tangu asubuhi. Saa nane ikafika, kanisa limejaa, Kaj hayupo. Jioni ikakaribia, Kaj hayupo. Watu wakarudi majumbani wakiambiana kwamba gari limeharibika njiani, na kila aliyesema hivyo alitazama pembeni. Bendera zikabaki barabarani. Mzee aliyezitunza wakati ule hakutaka kuzishusha, maana kuzishusha kulikuwa kumwambia binti wa watu kwamba huyo unayemngoja haji. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Basi jua likazama, giza likaingia, manyunyu yakaanza, na bendera za harusi zikaendelea kuning'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Mwishowe Ketty mwenyewe alitoka na gauni lake jeupe, akang'oa milingoti mmoja mmoja, akaibeba begani hadi bandani. Hakuna mlango uliofunguliwa. Mapazia tu ndiyo yaliyosogea.

Kaj alikuja kusikika yuko Aalborg, kaoa huko. Lakini asubuhi iliyofuata usiku ule wa manyunyu, Ketty alikwenda kwa mzee wa bendera, akamwambia, "Nipe ufunguo." Mzee akampa bila kumtazama usoni. Tangu siku hiyo bendera za Elmelund hazijaona giza, na tangu siku hiyo Ketty alizisimamisha kwa ajili ya kila mtu, mpendwa na mchukiwa, isipokuwa kwa ajili yake mwenyewe.

Subira huvuta heri, wanasema, ila ya Verner ilikuwa imeivuta mpaka kamba inakaribia kukatika. Mwaka huu, Ketty alipotimiza sitini na tisa, Verner aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akakohoa.

"Ketty, mimi mwakani nikipiga goti sitainuka. Goti la kulia limekwisha kazi. Kwa hiyo hii ni nafasi ya mwisho. Si kwako, kwa goti."

Ketty alicheka hadi kahawa ikampalia. Alipotulia alimwangalia yule mzee mwenye masikio makubwa, aliyengoja muda wote huo bila kununa hata siku moja, na jibu lake la kila mwaka likakataa kutoka. Alihisi furaha, na furaha ile ilimwogopesha.

"Piga basi," alisema. "Nitakuinua."

Verner akapiga goti palepale kwenye zulia la jikoni, na kweli kumwinua ilikuwa kazi. Ilibidi wasaidiane na meza. Wakiwa bado wanahema, Ketty akamshika mkono.

"Ila nina sharti. Bendera za chama zisitoke bandani siku hiyo. Hata moja."

"Hata moja."

"Sikutanii, Verner. Nikiziona barabarani nami nimevaa gauni, miguu yangu haitanifikisha kanisani. Najijua."

"Nimekusikia, mpenzi."

Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, saa nane mchana. Wiki ya mwisho Ketty akaanza kunusa jambo. Aliingia dukani, Dorrit akasukuma kitu chekundu chini ya kaunta na kuanza kusifia bei ya viazi. Alipita kwa Palle, akamkuta juu ya ngazi anapaka rangi mlingoti wa bustani yake, mlingoti ambao ndege wa kijiji kizima walikuwa wameupaka wao kwa miaka.

"Leo kulikoni, Palle?"

"Baridi inakuja, Jemadari. Nisije nikaaibika mbele ya theluji."

Na nyumbani Verner alikuwa anapiga mluzi. Verner hakuwa mtu wa mluzi, labda awe na la kuficha. Ketty alipapasa shingoni. Ufunguo upo. Akaenda hadi bandani, akazikuta bendera zote zimekunjwa kama alivyoziacha. Akatulia, lakini nusu tu.

Siku yenyewe, kabla hata ya kifungua kinywa, Dorrit alikuja na gari lake akamchukua Ketty hadi Svendborg kwa msusi. Huko Ketty akatengenezwa nywele, akavaa gauni lake. Lilikuwa la bluu, jeupe alilikataa. Njia nzima ya kurudi Dorrit aliongea mfululizo kama redio, na walipokaribia kona ya mwisho akanyamaza ghafla.

"Nini?" Ketty akauliza. "Usiniambie Verner kaugua."

"Verner mzima wa afya. Yuko kanisani tangu saa tano. Mchungaji kanipigia simu mara mbili anauliza kama anaruhusiwa kumtoa nje, anazunguka zunguka, anamkanyagia maua."

Gari likakata kona, na Ketty akaona.

Hazikuwa bendera za chama. Zilikuwa za watu. Kila bustani yenye mlingoti, mlingoti ulikuwa na bendera. Wasio na mlingoti walikuwa wamefunga bendera kwenye mpini wa ufagio, kwenye mti wa tofaa, kwenye trekta. Kuna waliotoa sandukuni vile vibendera vya karatasi vya mti wa Krismasi wakavitundika kwenye ua. Bibi mmoja asiyeweza kutoka kitandani kwake, kwenye dirisha lake palikuwa na kile kibendera kidogo cha mezani cha siku ya kuzaliwa, juu ya kiguu chake cha shaba. Hata yule Mswidi wa nyumba ya mwisho, ambaye kwa kawaida humwambii kitu kuhusu Denmark akakikubali, alikuwa amepandisha ya kwetu, tena juu kuliko wote. Na kando ya kila bendera walisimama wenyewe, wamevaa nguo za harusi, mikono mbele, kimya.

"Simamisha gari."

Dorrit akasimamisha. Ketty alihisi miguu ikifa ganzi kuanzia vidoleni, kama alivyojua itakufa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja tena, barabara ile ile, rangi zile zile.

"Nilisema nini, Dorrit?"

"Ulisema za chama zisitoke. Hazijatoka. Ufunguo unao wewe. Hizi ni zetu."

"Unajua nilimaanisha nini."

"Najua." Dorrit akazima gari. "Ketty, siku ile mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nyumbani kwa mama. Nilikuona ukipita na mzigo begani na gauni limelowa. Nikataka kutoka. Mama akaniambia, mwache, usimwaibishe mwenzio. Kijiji kizima tulijificha tukaita heshima. Haikuwa heshima, ulikuwa woga mtupu. Halafu wewe ukaja ukanisimamishia mimi bendera siku ya harusi yangu, mimi niliyekuwa dirishani! Na hawa wote pia. Basi leo kila mtu kapandisha ya kwake kwa mkono wake, na hakuna aliyekaa ndani. Ukitaka nigeuze gari, nageuza sasa hivi. Sitasema neno."

Ketty aliwatazama watu wale, mmoja baada ya mwingine, nao wakamtazama. Alitaka kulia, alitaka kugombana, alitaka kushuka, alitaka kurudi Svendborg, vyote kwa pamoja. Ndipo jicho lake, ambalo hata kwenye misiba halikuwahi kupumzika, likatua kwenye mlingoti wa Palle. Rangi mpya inang'aa, kamba mpya, na bendera imesimama chini ya ncha ya mlingoti kwa urefu wa mkono.

Akateremsha kioo.

"Palle! Nani kafa?"

Palle akainua kichwa akatazama juu. Uso ukamwiva.

"Mama yangu! Imenasa!"

"Bendera isiyofika juu ni ya msiba. Mnaniozesha au mnanizika?"

Watu waliokuwa wamejizuia kupumua wakaachia kicheko kimoja, kikakimbia barabara nzima kama upepo. Palle alivuta kamba kwa nguvu zake zote, bendera ikaruka hadi juu kabisa, kofia yake ikaanguka, naye akaikanyaga. Ketty mwenyewe alicheka. Lakini alipofungua mlango wa gari na kuweka mguu chini, mguu ukakataa.

"Dorrit, sitaweza kutembea mpaka kule kumtafuta mtu ndani," alisema polepole. "Sitaweza. Mniitie Verner. Nimwone hapa barabarani, kwa macho yangu."

"Ketty, bwana harusi hatoki kanisani kabla ya…"

"Huyu atatoka."

Dorrit akamgeukia Palle, Palle akaweka mikono mdomoni akaita, "Verner!" Aliye mlingoti wa pili akapokea, "Verner!" Wa tatu akapokea, na jina likaenda likipokelewa bustani kwa bustani, wazee kwa vijana, mpaka likaingia kanisani. Kukawa kimya kidogo. Kimya kile Ketty alikijua, akashika mlango wa gari kwa mikono miwili.

Mlango wa kanisa ukafunguka kwa kishindo. Verner akatoka. Hakutembea, alikimbia, goti bovu likimtupa upande huu na huu, suti nyeusi, ua limening'inia kifuani, masikio mekundu kwa baridi. Alikimbia barabara nzima katikati ya bendera, na watu wakaanza kupiga makofi anapopita kama wanamsindikiza mwanariadha wa mwisho. Ketty alimtazama njia nzima. Hakupepesa. Alikuwa anamwona mtu anakuja, na hakujua kwamba kitu kidogo namna hiyo, mtu anayekuja, kinaweza kumjaza furaha mpaka machozi.

"Ketty," Verner alisema, akihema, "mimi niliahidi. Sikuwatuma. Walipoanza nikawaambia acheni, wakasema ahadi ni yako wewe, sisi hukutuuliza…"

"Ulikuwa unapiga mluzi."

"Nilipiga."

"Basi nyamaza, unipe mkono."

Akampa. Ketty akashuka, miguu ikamkubali, na wakaanza kutembea kuelekea kanisani. Mwendo ambao ungechukua dakika chache ulichukua karibu saa nzima, kwa sababu bibi harusi hakuweza kupita kosa akaliacha. Mhunzi alikuwa ameweka bendera pamoja na ule utepe mwembamba unaopepea siku za kawaida kwenye mlingoti mmoja; akaambiwa achague, mlingoti si kamba ya nguo. Mwalimu alikuwa amefunga ya kwake chini sana, ncha inagusa majani ya ua. "Inua, inua! Ingekuwa ni shati lako ungeliacha likalambwe na konokono?" Kijana mmoja shabiki wa mpira alikuwa amepandisha bendera ya uwanjani, yenye tangazo la bia katikati ya msalaba. Ketty akasimama mbele yake muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo pekee niliyokuwa nayo, Ketty."

"Bendera haiandikwi kitu."

"Niishushe?"

Ketty akaitazama bia, akamtazama kijana aliyekuwa amechana nywele kwa maji na kuvaa tai ya baba yake. Verner akamminya mkono kidogo.

"Leo iache," Ketty alisema. "Kesho uje kwangu nikushonee nyingine."

Wanaomjua wakatazamana. Palle, aliyekuwa anafuata nyuma na nusu ya kijiji, alinong'ona kwa sauti ambayo hata mbwa waliisikia: "Mapenzi haya! Jemadari kaacha bia ipite!"

Mchungaji aliwapokea mlangoni na saa mkononi, lakini uso wake haukuwa na hasira. "Kawia ufike," alisema. Ndoa ikafungwa. Verner alijibu "ndiyo" kabla mchungaji hajamaliza kuuliza, akarudishwa ajibu tena, akajibu tena mapema vilevile. Ketty alingoja swali liishe mpaka neno la mwisho, kisha akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye kengele.

Ukumbini kulikuwa na nyama ya nguruwe yenye ngozi iliyokauka ikawa inavunjika kama biskuti, viazi vya sukari iliyounguzwa, kabichi jekundu, na bia isiyokuwa na tangazo popote. Wageni wakaimba nyimbo walizotunga wenyewe, ndefu, mbaya, kila mtu na karatasi yake, na beti zote zilikuwa za kumcheka Ketty. Mtu akigonga glasi, maharusi wanasimama wanabusiana, ndiyo mila. Palle aligonga mara nyingi hata Dorrit akamnyang'anya uma. Ketty alikula, akabusu, akaimba matusi yake mwenyewe kwa sauti ya juu. Alikuwa na furaha iliyo wazi, haitafuti pa kujificha.

Keki ilipoletwa, mwanga wa dirishani ulikuwa umegeuka rangi ya asali. Ketty akaweka kijiko chini. Safari hii hakuna aliyemtania. Viti vyote vikasogezwa kwa pamoja, watu wakavuta makoti yao wakatoka, na kila mtu akaenda kusimama kwenye mlingoti wake. Ketty akatoka na Verner hadi katikati ya barabara. Jua lilikuwa limegusa miti ya nyuma ya kanisa. Bendera zote zilikuwa juu, upepo unazikunjua, zimeshika mwanga wa mwisho, na kwa kweli hazijawahi kupendeza vile, hata ile ya bia.

Mikono ilikuwa kwenye kamba. Wote walimtazama yeye. Hakuna aliyetaka kuanza.

Palle ndiye aliyesema, na safari hii mdomo wake mkubwa ulitoa sauti ndogo.

"Ketty. Tuziache kidogo leo? Siku moja tu. Hata shetani mwenyewe hatasema kitu."

Ketty alitazama juu, akatazama barabara yote mpaka kule inakokata kona kwenda Svendborg, barabara ambayo aliwahi kuikodolea macho kutwa nzima. Haikuwa na kitu. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama kando yake na malai ya keki kwenye ncha ya pua.

"Shusheni," alisema. "Hakuna tunayemsubiri."